Jua la Barazani kwa Evarista

“Mia tatu, nimeshasema,” alisema Bi Sabiha, akalipiga furushi la vitambaa kwa kiganja. “Usinizungushe.”

“Mia nane,” alisema Evarista.

“Kwa sketi ya mtoto wa darasa la tatu? Mama Sila, umelala vibaya? Nikivuka tu hapo kwenye mitumba napata sketi ya Ulaya, ina zipu na mfuko, kwa mia mbili.”

“Vuka basi.”

“Ina maua. Mwalimu gani atapokea sketi ya maua?”

“Ndiyo maana uko kwangu.”

Bi Sabiha alicheka, kwa sababu hakuwa mtu wa kinyongo, kisha akakaa vizuri zaidi kwenye benchi kuonyesha kwamba hana haraka. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Mtaa mzima wa Majengo jua lilikuwa utosini, na wauza nafaka kule sokoni walikuwa wamejifunika maboksi vichwani. Barazani kwa Evarista jua lilikuwa limeshuka hadi karibu na paa la jirani, nalo lilikuwa na rangi ya chungwa. Kuku wake wawili walikuwa wameshapanda kulala.

Hali hiyo ilikuwa na miaka miwili sasa na mtaa ulishaizoea.

Kabla ya hapo Evarista alikuwa mshonaji katika kampuni ya umma. Kila mwezi alipokea mshahara uliopangwa na mtu asiyemjua, katika ofisi asiyowahi kuingia, na hakuna aliyemuuliza kama unatosha au hautoshi. Serikali ilipoamua kwamba biashara sasa ni ya watu binafsi, kampuni ilifungwa na wafanyakazi wakapewa vitu badala ya kiinua mgongo. Wengine walipata viti. Mlinzi alipata geti. Evarista alipata cherehani ya miguu, akaiweka barazani, akakaa nyuma yake kungoja watu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu Anna, aliyetaka gauni. Alipouliza ufundi ni bei gani, Evarista alitazama chini, akasema, “Wewe toa tu utakachoona kinafaa.”

Mwalimu Anna aliona mia mbili inafaa.

Kosa lilikuwa hilo, na mtu yeyote aliyewahi kuuza hata nyanya angemwambia. Lakini Evarista hakuwahi kuuza nyanya. Siku hiyo jua lilizama kwake mapema kidogo kuliko kwa majirani, kiasi cha muda wa kuchemsha chai. Aliwasha taa ya chemli, akamaliza mikono ya gauni.

Baada ya mwalimu alikuja shemeji yake Damas, akashonewa suruali kwa undugu. Ikaja kwaya ya kanisa, ikashonewa majoho kwa sala. Tangu hapo kwaya ilifanya mazoezi hadi jioni sana bila kuwasha taa, na sauti ya pili ilinyooka. Damas naye alipata muda wa kutosha wa kucheza bao. Kisha akaja Bi Sabiha wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye alikuwa amefungua duka la sare za shule na kuzipeleka hadi Kondoa na Busi, na yeye hakuleta sketi moja moja. Alileta furushi. Kila furushi lilikuwa na punguzo lake, na punguzo la furushi hili lilikuwa ndiyo bei ya kuanzia ya furushi lijalo.

Jua la Evarista likawa linazama saa kumi na moja, kisha saa kumi, kisha saa tisa. Asubuhi lilichomoza kama la watu wote.

Nyumba ilijipanga upya, kama nyumba zinavyofanya. Watoto waliporudi kutoka shule walikuta ugali wa usiku mezani. Walilala mapema na kuamka saa mbili usiku wakilia njaa, hivyo kukawa na ugali mwingine. Mbu walianza kazi mchana. Sehemu kubwa ya pesa ya ufundi iliishia kwenye mafuta ya taa. Mume wa Evarista, Yoramu, alikuwa kibarua wa reli huko Gulwe. Alikuja mwisho wa mwezi kwa treni ya usiku na kuondoka kwa treni ya usiku, kwa hiyo hakuona tofauti yoyote.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Filipo, alikuja kukagua. Alisimama na mguu mmoja barazani na mwingine mtaani, mmoja gizani na mwingine juani, akafikiri.

“Amka mapema zaidi,” alishauri.

“Shikamoo mzee. Naamka na jogoo wa kwanza.”

“Marahaba. Basi mshukuru Mungu, asubuhi bado unayo,” alisema Mzee Filipo, akaondoka kwa mguu wa juani.

Walionufaika zaidi walikuwa wapagazi wa sokoni. Waligundua kwamba ikifika saa tisa kwa Evarista kuna ubaridi wa usiku, wakawa wanakuja kulala barazani baada ya kushusha magunia. Hawakuomba ruhusa. Mmoja alilalamika kwamba taa ya Evarista inamuumiza macho.

Ramadhani ilipofika, vijana wawili wa Kiislamu walikaa barazani na bakuli la tende, wakangoja kiza kiingie, wakafuturu saa tisa alasiri. Habari zilimfikia Shehe Abdulswamadu. Alikuja mwenyewe, akalitazama jua likizama juu ya paa la jirani, akalitazama jua jingine lililokuwa bado kali mtaani, akatoa uamuzi hapohapo.

“Jua la mji ndilo jua,” alisema. “Jua la Mama Sila ni mkasa wa Mama Sila.”

Vijana waliamriwa kulipa funga ya siku hiyo. Shehe akavuka uchochoro kwenda kwa Bi Sabiha, kwa sababu huko tatizo lilikuwa kinyume: mchana ulikuwa haukwishi. Uwani kwake jua liliwaka hadi baada ya isha. Wajukuu waliruka kamba, nguo zilikauka mara mbili, na bili ya umeme ilikuwa imeshuka. Shehe alimwambia afuturu na mji. Mwezi mzima Bi Sabiha alikula tende juani, akiwa amejifunika kanga kichwani kwa haya.

Evarista alijua sababu siku alipopeleka sketi zilizokwisha. Kwake ilikuwa usiku wa manane kwa hesabu ya kuku. Mjini magharibi ilikuwa imeshaingia. Uwani kwa Bi Sabiha kulikuwa kweupe, na ukutani palikuwa na kivuli cha nguzo iliyopinda. Uwani kwa Bi Sabiha hapakuwa na nguzo. Nguzo iliyopinda ilikuwa ya baraza ya Evarista; iligongwa na mkokoteni wa magunia mwaka aliohamia. Hata kamba ya nguo ilionekana katika kivuli hicho, na kitambaa alichofungia mahali ilipokatika.

“Bi Sabiha, hiki kivuli ni cha nguzo yangu.”

“Ndiyo, nakiona kila siku,” alisema Bi Sabiha. “Nilidhani unajua. Sketi hizi zimekamilika zote?”

Zilikuwa zimekamilika. Evarista alipokea pesa yake, akavuka uchochoro, akarudi nyumbani akipapasa ukuta.

Hayo yalikuwa miezi kadhaa nyuma. Sasa ilikuwa Desemba, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na furushi lililokuwa kwenye benchi lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kila mara furushi jipya lilipofika, jua la Evarista lilitangulia kushuka, likangoja neno lake. Siku hiyo lilikuwa limekaribia paa kabla hata ya saa nane. Akikubali mia tatu, kuanzia kesho litazama adhuhuri. Hatakuwa na mchana wa kushonea, na fundi anayeshona usiku kucha kwa chemli huyafanyia kazi mafuta ya taa tu. Evarista alilijua hilo. Alijua pia kwamba unga uliobaki ndani usingefika mwisho wa wiki.

“Mia tatu na nusu,” alisema Bi Sabiha. “Hiyo nusu nakupa kwa ujirani. Ukikataa nampelekea Jamaldini.”

Jamaldini alikuwa fundi wa kanzu nyuma ya ukuta wa uwani kwa Bi Sabiha.

“Mwaka jana ulimpelekea Jamaldini,” alisema Evarista. “Marinda yakafunguka kwenye kufua kwa pili. Wazazi wakakurudishia dukani.”

“Yalifunguka, ndiyo. Nimesema hayakufunguka?”

“Yangu yamefunguka?”

“Yako hayajafunguka. Ndiyo maana ya hiyo nusu.”

Evarista alifungua mdomo kusema mia sita. Jua likagusa paa.

Alifunga mdomo. Jua likabaki hapohapo, limekaa juu ya bati kama ndege aliyechoka.

“Sema basi,” alisema Bi Sabiha. “Mimi nina nguo za kuanika.”

“Kwako sasa hivi ni mchana?”

“Kwangu ni mchana mpaka isha, unajua mwenyewe.”

“Najua,” alisema Evarista.

Akasimama. Akafunika kichwa cha cherehani kwa kanga, akaweka mkasi, futi na nyuzi ndani ya sufuria, na juu yake gauni la kipaimara alilokuwa akimshonea binti wa Mwalimu Anna. Kisha akawatikisa wapagazi wawili waliokuwa wamelala chini ya dirisha.

“Kubeba hii hadi ng'ambo ya uchochoro ni shilingi ngapi?”

“Mia mbili kila mtu,” alisema mmoja bila kufumbua macho. “Chuma hicho, mama.”

“Hata kwangu mimi ninayewalaza hapa kila siku?”

“Kulala ni kulala, mama. Chuma ni chuma.”

Evarista alitoa pesa kwenye pindo la kanga, yote, bila kuomba apunguziwe. Wapagazi waliamka, wakainua cherehani, wakatoka nayo kutoka kwenye jioni ya Evarista hadi kwenye mchana wa mtaa, wakikunja nyuso kwa mwanga. Evarista alifuata na sufuria. Bi Sabiha alifuata na furushi lake.

Uwani, Evarista aliwaonyesha mahali pa kuiweka: karibu na ukuta, palepale ambapo kivuli cha nguzo kilizoea kuangukia. Walitua, wakarudi barazani kulala.

“Mama Sila, ni nini hiki?” aliuliza Bi Sabiha.

“Nimehamisha kazi.”

“Uwani kwangu?”

“Mpaka saa kumi na mbili na nusu mimi ni mgeni wako, kwa sababu jua hili ni la mji na ua ni wako. Baada ya hapo jua ni langu, na wewe ni mgeni wangu.”

Bi Sabiha alikuwa mfanyabiashara. Alitazama ukuta, akatazama cherehani, akapiga hesabu.

“Na kodi?”

“Ya mchana nitakulipa. Ya jioni utanilipa.”

“Huwezi tu kuyafuta maneno yako ya bei za zamani, ukachukua saa zako ukaenda nazo kwako?”

“Zinarudi?”

“Hazirudi,” alikiri Bi Sabiha. “Alizochukua Damas hazikurudi, na alikutaka radhi mbele za watu.”

“Basi nitazitumia zilipo.”

Bi Sabiha alikubali kwa kichwa. Wajukuu wake waliambiwa wahamishe kamba yao ya kuruka. Kisha akalipandisha furushi kiunoni.

“Na sketi? Mia nne, neno la mwisho.”

“Mia nane.”

“Haya, kaa na mia nane yako,” alisema Bi Sabiha bila chuki. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Evarista alimsikia upande wa pili wa ukuta akibisha hodi, akikaribishwa, akikaa kwenye kiti cha wateja kinacholia.

“Jamaldini!” Evarista aliita juu ya ukuta. “Taja bei yako kabla yake!”

“Mteja ni mteja, mama!” alijibu Jamaldini. “Jamani, mgeni hajanywa hata maji!” Na kwa sauti ya chini, ambayo ukuta haukuizuia: “Bi Sabiha, usijali. Wewe toa tu utakachoona.”

Bi Sabiha aliona.

Upande wa pili, jua la Jamaldini liliteremka kidogo, kiasi cha muda wa kuchemsha chai. Yeye hakuliona, alikuwa ameshaanza kulifungua furushi. Evarista alitunga uzi kwenye sindano ya cherehani, akaweka gauni la kipaimara chini yake. Kabla ya kukanyaga, aliinuka tena, akaisogeza cherehani kidogo upande wa kushoto, ili ukutani pabaki nafasi ya kivuli cha pili, cha kwa Jamaldini.