Glasi ya Wakwe

"Onja, banangoja," Nshombo alisema, akaisukuma glasi ya bia mpaka ikagusa vidole vya mdogo wake.

Balagizi hakuipokea. Sebule yake katika mtaa wa Black Rock, huku ughaibuni, ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Upande wa dirisha walikaa wakwe waliotoka mji wa Columbus alfajiri, suti zao bado zina mikunjo ya safari, na katikati yao mzee Azarias, baba wa kijana aliyekuja kumposa Gentille, binti wa Balagizi. Mahari ilikwisha kukubaliwa. Lilibaki hili moja: kwa desturi ya Bushi, kwao walikotoka, baba mwenye nyumba huonja pombe kwanza, mbele ya macho ya wageni, ndipo awape. Hivyo ndivyo anavyowaonyesha kwamba haina sumu. Asipoonja, wageni wana haki ya kuondoka, na binti akabaki kwao.

Ndugu zake wote mle ndani walijua kwa nini hawezi. Theluji ya mwisho wa 2014 ilimkuta amelala chakari kwenye ngazi za jirani, nusura apoteze vidole. Tangu hapo hajaigusa pombe. Kila wiki anakwenda kwenye kikundi cha walioacha pombe kule kliniki, na jambo walilomkaririsha kuliko yote ni hili: panga mapema, usingoje glasi ikufikie. Naye alipanga. Alimpigia simu Nshombo, kaka yake mkubwa, huko Louisville, akamwomba aonje kwa niaba yake, maana mkubwa wa ukoo anaruhusiwa. Nshombo akasema hakuna tabu. Na sasa Nshombo huyo huyo, tai shingoni, ndiye aliyemshikia glasi.

"Yaya, tulisemaka nini kwa simu?" Balagizi alimuuliza kaka yake kwa sauti ya chini.

"Bon, nilifikiria njiani. Baba ya binti iko muzima, anakaa hapa, halafu miye ndiye nionje? Batasema tunaficha kitu. Tone moja tu, kisha unaacha."

Tone moja! Balagizi alihisi damu ikimpanda kichwani. Kule ghalani anakoendesha mashine ya kuinua mizigo, mashine ikivuja mafuta, hata tone, hufungwa utepe mwekundu na hakuna anayeipanda mpaka itengenezwe. Hakuna bosi anayembembeleza mtu eti safari ni fupi. Lakini hapa, nyumbani kwake, watu wa damu yake! Hawa hawa ndio waliomwita laana ya ukoo alipokuwa akinywa, wakamkatia simu, wakawakataza watoto wao kukanyaga kwake. Leo ameacha, nao wanambembeleza anywe ili wao wasione haya. Na kilichomuudhi zaidi ni mate yaliyomjaa kinywani kwa harufu ile. Hata mwili wake ulikuwa upande wa Nshombo.

Aliichukua glasi. Shangazi mmoja akashusha pumzi. Balagizi akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka jikoni, akaimwaga bia yote kwenye sinki, akaisuuza glasi, akaijaza maji ya bomba. Gentille alikuwa amesimama pale katika vitenge vyake vya sherehe, mkono mdomoni. Baba yake hakuthubutu kumtazama.

Alirudi, akasimama mbele ya Azarias, akanywa funda moja kila mtu akiona.

"Muzee, mi nilikuwaka mulevi," alisema. "Ile bia iko safi, lakini miye nikionja tu, narudia kule kule. Nabaonjea maji. Kama haitoshe, sina ingine."

Azarias aliipokea glasi, akaitazama, akaiweka mezani bila kuigusa kwa midomo. Akasema kwa upole kwamba wangependa kushauriana kidogo nje. Wakatoka wote. Nshombo akawafuata mbio, akiwaomba radhi kwa jina la ukoo mzima, kana kwamba kuna mtu aliyeibiwa.

Balagizi aliketi. Kupitia dirishani aliwaona wamejikusanya kando ya gari lao, wanaongea, mlango mmoja uko wazi. Gari halijawashwa.

Gentille alitoka jikoni. Akaketi kwenye kiti alichoacha Azarias, akaichukua ile glasi, akanywa mpaka maji yakaisha. Kisha akamnyooshea baba yake.

"Papa, ongeza."