Ndege Aliyegonga Miwani

Mwaka wa 1967, Watiri alitolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya Nyeri. Kwa miaka mingi alikuwa ameiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye moshi wa kuni mbichi. Siku ya kuruhusiwa alivalishwa miwani mizito kama tako la chupa. Mumewe, Muriithi, akamshika mkono, wakashuka hadi bustani ndogo ya mjini kungoja basi la Kutus.

Waliketi kwenye benchi. Nyasi zilikuwa za kijani kikali hata zikamtisha. Njiwa walitembeatembea miguuni pake, kila mmoja na ukosi mweusi shingoni.

"Baba Kingori," alimnong'oneza mumewe, "hawa wamekuwa na hii alama siku zote?"

"Siku zote."

Ndipo akasikia tsii-tsii nyembamba kwenye mishubiri iliyochanua. Sauti hiyo aliijua. Nyumbani alidhani ni ya mdudu. Kumbe alikuwa ndege, mweusi, mdogo kama kidole gumba, mdomo umepinda kama sindano ya magunia, ananyonya ua.

"Huyo anaitwa chozi," Muriithi akasema.

Ndege akageuka. Jua lilipompiga kifuani, ule weusi ukalipuka ukawa wekundu, na kooni kijani kikawaka. Watiri akasahau kupumua. Mara chozi akaruka moja kwa moja hadi usoni pake, akapigapiga mabawa mbele ya miwani. Alikuwa amejiona kwenye kioo, akadhani ni dume mwenzake. Tk! Akadonoa. Tk! Tk!

Muriithi akavua kofia ili amfukuze.

"Wacha!" Watiri alisema, midomo haisogei. "Wacha anipige."

Upepo wa mabawa ulimgusa mashavuni. Aliliona jicho la ndege, dogo kama punje ya wimbi, nalo linamwangalia. Kisha akatoweka.

"Ati Mungu alikuwa anafanya kazi hii yote," Watiri alisema, "na mimi niko hapo tu, nasikia kelele."

Alipomgeukia Muriithi, alimkuta analia kimyakimya, na nywele zake zote zilikuwa nyeupe.

"Hata wewe!" alisema, akimpapasa kichwa. "Ulikuwa mweupe lini?"

"Pole pole."

Alimtazama sana, mpaka mzee akaona haya kama kijana anayechumbia. Watiri akaushika ule uso kwa mikono miwili, akaendelea kutazama.