Habari za Hamsini na Saba

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya pili Bibi Zuwena hajatia kitu tumboni zaidi ya maji ya kulambishwa. Warda alikuwa kapiga magoti pembeni ya kitanda, bakuli la uji mkononi, uji wenyewe umeshaota ngozi juu.

"Kashuka?" Bibi aliuliza.

"Bado, bibi yangu."

"Basi na mimi bado." Akafumba mdomo, akageukia ukutani.

Aliyekuwa akiulizwa ni mbwa. Mbwa wa Warusi, aliyerushwa angani mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba, na kwa hesabu ya Bibi Zuwena mpaka leo yuko huko juu anazunguka na njaa yake. Cheka ukitaka. Warda naye angecheka, laiti kazi yake isingekuwa imefungwa kwenye mkia wa mbwa huyo.

Bibi alizaliwa Unguja, Malindi, akaondoka msichana wa miaka ishirini na begi moja, maji yakamtupa Doha. Akaolewa, akazaa, akasema Kiarabu miaka hamsini na kitu, hata watoto wake wakasahau kwamba mama yao aliwahi kuwa na lugha nyingine. Halafu ukaja ugonjwa wa kusahau, ukaanza kula kwa mbele. Ulikula mwaka huu, ukala mwaka jana, ukamla mume, ukala Kiarabu chote. Asubuhi moja Bibi aliamka anasema Kiswahili kitupu, ana miaka kumi na tatu, na nje ya dirisha, badala ya minara ya Lusail kando ya Doha, yuko baba yake anarudi kutoka bandarini mwaka hamsini na saba.

Mwanawe mkubwa, Nassoro, mtu mzito wa maneno, kanzu yake haina kunyanzi, alishabadilisha wauguzi watatu. Bibi aliwatema wote. Ndipo akaagiza Mzanzibari, na akaletwa Warda wa Jang'ombe, miaka ishirini na tisa, mama yake mzazi yuko Unguja kwenye mashine ya figo mara tatu kwa wiki. Warda akilipwa, mashine inazunguka. Hilo Warda hakumwambia mtu yeyote nyumba ile, kwa sababu shida ukiisema mapema inageuka kuwa tabia yako.

Wiki ya kwanza nusura arudishwe naye. Bibi hakula. Kila sahani ikifika anatazama mlangoni na kuuliza, "Leo kuna habari gani?" Warda anajibu njema. Bibi anasukuma sahani. Ilichukua siku tano Warda kuelewa. Baba yake Bibi alikuwa na redio yenye betri kubwa kama tofali, na nyumba yao ilikuwa na desturi moja: watoto wamezunguka mkeka, sinia liko kati, na hakuna anayetia mkono mpaka Baba amewapa habari za dunia.

Basi Warda akaingia kwenye simu, akarudi na habari. "Gold Coast wamepata uhuru wao. Nchi sasa inaitwa Ghana."

Bibi alifungua mdomo kama kifaranga.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kundi zima, maana Ijumaa Warda akipewa nafasi hukimbilia mtaa wa Muaither kwa Mwanahamisi. Mwanahamisi huyu ni mtu wa Tanga, anasafisha vyumba vya hoteli West Bay siku sita, na siku ya saba anajaza watu ukumbini kwake mpaka viatu vinafika ngazini. Pilau, umbea, na siku hizi mwaka hamsini na saba. Kila mgeni sharti aje na kipande chake. Mmoja alileta Mfereji wa Suez kufunguliwa tena. Mwingine mafua makubwa yaliyozunguka dunia, mwingine Malaya kushusha bendera ya Mwingereza. Milcah, nesi Mkenya anayempima Bibi kila Jumanne, alileta yule kijana wa Marekani wa kukata kiuno na gitaa, kaitwa jeshini na wasichana wanalia. Hiyo Bibi aliipenda kuliko uhuru wa nchi yoyote. Uchaguzi wa Unguja wa mwezi wa saba Warda aliupitisha harakaharaka, maana Bibi aliusikiliza huku vidole vinachuna shuka.

Kosa lilikuwa la Mwanahamisi kulileta na la Warda kulipamba. Mbwa kapanda angani. Warda alimsimulia Bibi kwa mikono miwili: mbwa wa mtaani, jike, kaokotwa barabarani, kavalishwa nguo, kakalishwa kwenye chombo, leo anaitazama dunia kama chungwa. Bibi alipiga makofi na akamaliza bakuli.

Kesho yake akauliza, "Yule mbwa kashuka?"

Sasa Mzanzibari hakupi habari mbaya kavukavu. Warda akasema anavyosema kila mtu kwao, "Yuko njiani."

"Amekula?"

Warda akamsogezea kijiko. Siku hiyo Bibi alibakisha nusu. Siku ya kumi anakula vijiko vitano. Siku ya ishirini na moja akasema kiumbe kimefungwa juu peke yake na njaa, na yeye hawezi kukaa chini akitafuna. Akagoma.

Jumanne Milcah alimpandisha Bibi kwenye mizani, akamshusha, akamvuta Warda kando.

"Thelathini na nane. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na arobaini na tatu. Warda, hii si mchezo."

"Nimwambie nini tena, Sister? Nimeshamwimbia, nimeshamlilia."

"Hiyo stori ya mbwa ndiyo imetumaliza, na mimi pia nilikuwa hapo nikicheka."

Nassoro alisimama mlangoni muda wote. Kiswahili chake ni cha jikoni, lakini kilo thelathini na nane alizielewa.

"Alhamisi," alisema. "Mchana, Alhamisi, kama mama hajala, gari inakuja. Hospitali wataweka mpira wa kulishia, halafu nyumba ya wazee. Wewe Warda umefanya kazi vizuri. Haki yako utapata, na tiketi."

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Mtu anayekufukuza kwa adabu hana pa kushikwa.

Jioni ile Warda alijaribu uongo. Alitafuta kwenye simu picha ya mbwa anakimbia kwenye majani, ulimi nje, akamwonyesha Bibi. "Kashuka, bibi yangu. Tazama alivyo na furaha."

Bibi aliisogeza simu mpaka puani, akaitazama kwa muda.

"Huyu siye. Yule sikio moja limelala. Baba alituonyesha gazetini." Akamtazama Warda kwa huzuni ya mtu mzima, si ya mtoto. "Kwa nini mnanidanganya nyote?"

Maji pia akayakataa.

Jumatano mama yake Warda alipiga simu kutoka Unguja, sauti nyembamba, kuuliza tu kama mwanawe ameshakula. Warda alisema ameshakula, akakata, akajifungia chumba cha kufulia na kukaa juu ya ndoo. Kesho Alhamisi. Kesho kutwa mashine ya mama. Alisoma habari za yule mbwa toka mwanzo mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Hakukuwa na njia ya kurudi. Warusi wenyewe walijua tangu wanafunga mlango. Alikufa kwa joto saa chache baada ya kuruka, na chombo kikaendelea kuzunguka na maiti miezi mitano. Warda alilia, na hakujua anamlilia mbwa, au mama, au nafsi yake.

Akampigia Milcah.

"Mwambie tu," Milcah alisema. "Kazini sisi tunaambia watu kila siku."

"Na akifa kwa huo ukweli?"

"Kwani saa hii anafanya nini?"

Lile lilimwingia. Lakini Milcah ni mtu wa hospitali, na hospitali mtu huambiwa kwenye kiti cha plastiki akaachwa. Kwao Warda kifo hakisemwi hivyo. Mtu haambiwi akiwa peke yake. Kwanza watu wanafika, wanaingia kimya, wanakaa chini, na mwenyewe akiona nyuso zinavyoongezeka anaanza kujua kabla neno halijatoka. Na mfiwa hapiki wala hachagui. Chakula kinatoka kwa jirani, na watu wanamshika mkono wanamlisha, akatae asikatae.

Akampigia Mwanahamisi.

"Nataka watu. Kesho saa nne. Uje na bokoboko, ngano uiponde laini, na buibui jeusi."

"Nani kafa?"

"Mbwa."

"Warda, mimi nimeamka saa kumi usiku, nimetandika vitanda ishirini na viwili vya watu. Usinifanyie mzaha."

"Si mzaha."

"Unataka nimkalie matanga mbwa? Mimi, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani? Hivi mbwa akinigusa tu najitahirisha mara saba."

"Humgusi. Yuko angani."

"Na hitima tutamsomea nani?"

"Hatusomi kitu. Mnakaa tu, mnasema pole. Dada, wananirudisha kesho. Mama yangu yuko kwenye mashine."

Ndiyo mara ya kwanza alilisema. Mwanahamisi alivuta pumzi ndefu.

"Hilo ungeanza nalo," akasema. "Bokoboko ya kuku au ya nyama?"

Alhamisi saa nne walikuwa wanawake tisa. Mwanahamisi mbele na sufuria imefungwa kanga, wengine nyuma yake, wawili wametoroka zamu. Milcah alikuja na sare zake za kazi, akajifunga mtandio kichwani vibaya, Mwanahamisi akamtengenezea bila kumuuliza. Nassoro alitoka majlisi, sebule ya wanaume, kuona viatu vilivyojaa mlangoni mwake.

"Nini hii?"

"Msiba, bwana," Warda alimjibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Nipe saa moja. Halafu gari ije."

Labda ni neno msiba, ambalo ni lao pia. Nassoro alisogea pembeni.

Wakaingia chumbani mmoja mmoja, wakakaa chini kwenye zulia, migongo ukutani, bila salamu. Bibi Zuwena alikuwa ameegemezwa mito, midomo imepasuka. Alitazama mtu wa kwanza akikaa, wa pili, wa tano. Wa tisa alipokaa, Bibi alijivutia shuka mpaka kifuani.

"Nani?" akauliza.

Warda alimshika mikono yote miwili. "Hakushuka, bibi yangu. Alikufa siku ileile aliyopanda. Mimi nilikudanganya. Hakuwa njiani hata siku moja."

Milcah alikuwa kashaweka vidole kwenye mkono wa Bibi kuhesabu mapigo.

"Nilijua," Bibi alisema.

"Ulijua?"

"Mtu akiwa njiani siku zote hizo, huyo hayuko njiani." Sauti ilikuwa imebadilika, imeshuka, imezeeka. "Hata Baba walisema yuko njiani. Walikuja kumchukua asubuhi, Mapinduzi yana siku tatu. Mama akaenda kuuliza, wakamwambia nenda nyumbani upike, yuko njiani. Akapika. Kesho yake akaenda, yuko njiani. Tukaambiwa hivyo mpaka tunapanda meli. Hatukukaa matanga. Utamkaliaje matanga mtu aliye njiani?"

Mwanahamisi, aliyekuja kuigiza, ndiye aliyeanza kulia, na kulikuwa hakuna maigizo ndani yake. "Pole, mama," akasema. "Pole sana. Mungu amrehemu baba yako." Akafuata mwingine, na mwingine, wanasogea kwa magoti, wanamshika Bibi mkono, pole, pole mama. Milcah alisema pole yake ya Kikenya na akabaki ameushika ule mkono, mapigo kashaacha kuhesabu.

Mwanahamisi alifungua sufuria. Akachota bokoboko kwenye bakuli, akampa Warda.

"Mfiwa lazima ale," akasema kwa ukali wa msibani. "Watu wako hapa, tutakutazama. Fungua."

Bibi alitikisa kichwa. Wanawake wawili wakamshika mabega. Warda akasogeza kijiko mpaka mdomoni, akakiacha hapo. Akaona midomo ile iliyopasuka inafunguka kidogo, ikafunga, ikafunguka tena. Kijiko kikaingia. Bibi alitafuna huku machozi yanashuka kwenye bokoboko, akameza kwa shida, na koo lake jembamba Warda alilitazama likipanda na kushuka kama anatazama mlango wa nyumba yake.

Nassoro alikuwa mlangoni, simu ya kuitia gari mkononi. Alimwona mama yake akimeza. Alimsikia anasema, anasema mfululizo, majina ya mitaa, jina la babu yake, ambalo ndilo alilopewa yeye mwenyewe, babu ambaye hakuna aliyewahi kumsimulia alikufaje. Maneno mengine aliyashika, mengi yalimpita.

Akavua viatu. Akaja akakaa kwenye zulia katikati ya wanawake, kanzu yake yote ikakunjamana.

"Yumma," alimwita mama yake. Hakuitikiwa. Akamgeukia Warda. "Anasema nini? Niambie. Usiruke kitu."

"Anasema babu yako alivaa shati jeupe," Warda alisema, akachota kijiko cha pili. "Anasema alitaka kurudi ndani kuchukua kofia, wakamkataza."

"Endelea."

"Kwanza ameze."

Nassoro akaiweka simu chini, wakamngoja.