Divai Iliyokosa Pumzi

Mti usiougua unakula nini? Swali hilo lilimkaa Kabedi kooni kama mwiba wa samaki. Mizabibu ya misioni hapo Panda ilikufa yote kwa ukungu, lakini kipande cha tawi alichopewa mumewe Floribert na padri mmoja, kabla padri hajakimbilia kwao Ulaya, kilipanda ukuta wa nyumba yao ya kambi ya mgodi, kikazaa katika jua lile la kuchoma utosi. Dawa hakikuwahi kupuliziwa. Na ndiyo miaka ambayo kazi ya mgodi ilikufa, watoto wa majirani wanazikwa. Jamani, watu wanakauka, mzabibu unanenepa!

"Mbegu yake ilichanganywa na zabibu za porini," Floribert alimweleza. "Ugonjwa unaipita tu."

"Mm," alijibu Kabedi. Na ile mm yake haikuwa ya kukubali.

Floribert alikuwa akimsaidia padri kutengeneza divai ya misa, akajifunza na ile inayotoa povu. Hakutia kitu. Aliacha maji ya zabibu yachemke yenyewe bila moto, na kabla hayajatulia akayafunga kwenye chupa za bia, pumzi ibaki ndani. Joto la Oktoba likazipasua chupa mle stoo, paa! paa! Majirani wakanong'ona kwamba ameficha mawe ya Shinkolobwe, yale ya kutengenezea mabomu. Ilipona moja tu. Akaifunika gunia lililoloweshwa maji, akafunga mlango, akampa mkewe ufunguo.

Chupa hiyo ilikuwa ya Tina, binti yao. Ukoo wa Steve, mchumba wake, ulikuwa unatoka mtaa wa Kikula kuja kumposa, na bia ilikuwa haishikiki kwa bei. Sasa, mgeni wa heshima hapewi chupa iliyofunguliwa kando. Inafunguliwa machoni pake, aisikie ikilia pshii, ajue hakuna mkono uliotangulia kutia sumu. Kisha anayemimina anaonja kwanza. Na anayemimina siku hiyo ni Tina. Hapo ndipo Kabedi alipokosa amani. Mtoto wake aonje maji ya mti ule?

Asubuhi ya siku yenyewe Floribert alikwenda kuazima viti. Kabedi akaingia stoo, akang'oa kifuniko. Pshiii! Povu likamwagikia mikononi. Akapiga ishara ya msalaba. Afadhali nife mimi, alijisemea, akanywa.

Wee! Ilimchoma ulimi, ikampanda puani, tamu na chachu pamoja, mpaka akacheka peke yake kama mwehu. Akangoja tumbo limkate. Halikukata. Basi akakirudisha kifuniko kilekile kilichopinda, akakigongea kwa jiwe, akatoka moyo mweupe.

Jua lilipofika kichwani wageni walikuwa wamekaa, mbele yao Kabamba, baba mdogo wa Steve. Floribert alikuwa amevaa koti lake la harusi. "Musikilize sasa," akasema, anameremeta.

Tina akafungua. Kimya. Hata pumzi ya mtoto mchanga ina kelele kuliko ile.

Kabamba akaishika chupa, akapapasa kifuniko. "Baba Tina, hii chupa ilisha kufunguliwa."

"Hapana! Ilikuwa mu stoo, na ufunguo iko na..." Floribert akamgeukia mkewe, na macho yale yalikuwa yanaomba.

Kabedi aliona akikaa kimya mumewe atatoka hapo mtu wa sumu. "Ni minye njo nilifungula," akasema. "Nilionja. Niliogopea mutoto. Lakini haina kitu, baba, ni muzuri!"

Kabamba akainuka polepole, akachukua kofia yake. "Mama Tina, weye unalala naye nyumba moja, na haukumwamini. Shiye tutamwamini namna gani?"

Steve alimtazama Tina, akamfuata baba yake mdogo nje. Tina akaingia chumbani, akajifungia.

Floribert akajimiminia. Akanywa, akakunja uso: maji matamu tu, yaliyolala. Akaigeuza glasi mkononi.

"Asubuhi," akauliza, "ilikuwa inalia?"

"Ililia," Kabedi akasema, machozi yakimtoka. "Ililia sana, baba. Ilikuwa muzuri ya kushinda yote."

"Basi," akasema Floribert, akavua koti lake, "weye peke yako ndiye uliyeinywa."