Friza ya Orrin

Mume wangu Orrin alifariki Februari, akaacha friza ndefu nyeupe kwenye banda la gari, na ndani yake nusu ya kulungu aliyepigwa naye risasi msimu wa kuwinda. Kila kipande alikifunga mwenyewe kwa karatasi ya bucha, ncha za karatasi amezikunja sawasawa. Sikugusa hata kimoja.

Wakuu wa mji wetu hawakuzipenda hizo friza za pili, za ziada, ambazo watu huweka nje ya jikoni. Zinakula umeme, na umeme wetu unatoka kwenye makaa ya mawe. Kwanza walitangaza: lete ya kwako, upewe dola hamsini. Watu wakacheka. Kitu kikishakuwa chako, hamsini ni matusi. Basi wakageuza mambo. Sasa lori lingepita kila nyumba kuchukua, isipokuwa penye utepe wa rangi ya chungwa mlangoni. Utepe walituletea wenyewe. Asiyetaka, aufunge.

"Wifi, funga huo utepe," LaVonne, dada yake Orrin, aliniambia tulipotoka kanisani.

"Mbona wewe hujafunga?"

"Mimi? Mtaa mzima unione mchoyo? Hata mchungaji hajafunga!"

"Basi."

"Basi nini? Nyama ya kaka yangu imo mle, Arlys!"

"Nimesikia."

Utepe ulikaa mezani, kando ya kichupa cha chumvi. Asubuhi nilikunywa kahawa nikiutazama. Ilikuwa kazi ya kuvaa buti na kutoka tu. Sikuvaa.

Lori likaja. Mwanamume mwenye barafu kwenye ndevu akabisha hodi.

"Mama, hatujaona utepe. Tuchukue?"

Neno moja lingetosha. Nikalingoja lije.

"Mama?"

"Kuna nyama ndani," nikasema.

"Tutakutolea. Huku nje kuna baridi kuliko humo, haitaharibika."

Wakavipanga vile vifurushi juu ya theluji, taratibu, kama watu wanaopanga mayai. Kisha wakaikokota friza. Pale ilipokuwa pakabaki sakafu safi na kifuniko cha chupa ya bia.

LaVonne alifika lori likikunja kona. Nilidhani atanigombeza. Akasimama tu, mikono mifukoni, akiangalia lile rundo.

"Mbweha watakula, wifi," akasema mwishowe. "Tupike. Tuanze na kipi?"

"Chochote."

Akainama akachukua cha juu, akakipangusa theluji kwa glavu yake. Nikamfungulia mlango wa jikoni.