Ng'ombe wa Kipkemoi

Ng'ombe wa pili wa Kipkemoi alikufa Jumatatu asubuhi. Mzee Chepyegon alimchuna kwa mikono yake, akaitandaza ngozi juu ya ua ili rafiki yake akija aione, asije akafikiri ng'ombe aliuzwa kisirisiri. Ngozi ya yule wa kwanza ilikuwa pale pale, imekauka kama bati.

Binti yake, Chepkurui, alisimama mlangoni akiwatazama ng'ombe watatu waliobaki. Nyuma yao majani ya chai ya Mogogosiek, ambayo watu wa mbali hufikiri hayajui kiangazi, yalikuwa yamegeuka rangi kama yaliyopitiwa na moto.

"Baba, tuwauze wakiwa bado wanaweza kusimama."

"Ng'ombe wa nani?"

"Basi mpigie mwenyewe umwombe ruhusa."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa kumfugia?"

Desturi hii Wakipsigis wanaiita kimanagan. Unampelekea rafiki anayekaa mbali sehemu ya ng'ombe wako. Yeye anakunywa maziwa, na wewe unalala ukijua kwamba jua likichoma kwako, kwake kuna nyasi. Kipkemoi alikaa Sigor, kule chini Chepalungu, ambako jua si mgeni. Ndiyo maana mwezi wa tisa alipanda na ng'ombe watano hadi huku kwenye chai. Wazee walikuwa na hakika kwamba mvua haiwezi kukosa pande zote mbili kwa pamoja.

Chepkurui alijua siku ile ile kwamba safari hii itakosa. Alikuwa amesomea hali ya hewa chuo kikuu, na simuni alikuwa na ramani: upande wetu wa Bahari ya Hindi umepoa, upande wa Indonesia umepata joto, na Pasifiki, mbali kabisa, nayo inapoa katikati. Mvua hufuata maji yenye joto. Vuli ile ingenyeshea watu wengine. Lakini Kipkemoi alikuwa ametembea siku mbili, miguu imejaa vumbi, anacheka, anasifu nyasi. Chepkurui alimmiminia maziwa ya mursik, akanyamaza. Alimwonea huruma. Huruma hiyo sasa ilikuwa imetandazwa juu ya ua.

Baba hatimaye alipiga simu.

"Chamgei, Kipkemoi! Mko salama huko?"

"Salama kabisa! Na ng'ombe?"

Mzee aliupa ua kisogo. "Wako. Wanakula."

"Mungu ni mwema. Hata huku jana tumeona wingu."

"Wingu!"

"Wingu kubwa."

Alipokata simu uso wake ulikuwa umechangamka. "Umesikia? Sigor wingu limefunga. Kesho tunawarudisha."

"Amesema wingu, Baba, hakusema mvua. Na wewe umemwambia wanakula. Wanakula nini?"

Mzee alianza kukusanya kamba za safari.

"Bahari iliyotunyima sisi ndiyo iliyowanyima wao. Ukitazama kutoka angani, Sigor na hapa ni shamba moja."

"Hiyo bahari yako, nani alitia mkono akajua ni baridi?"

"Kuna maboya yanaelea humo, yanapima."

"Basi yaambie yatapike mvua."

Waliondoka alfajiri. Ng'ombe walitembea kama watu wanaotoka hospitalini, na siku ya kwanza haikuwafikisha popote. Siku ya pili, adhuhuri, walikuwa wanaikaribia Merigi walipoona vumbi mbele. Mtu alikuwa anapanda barabara akiswaga ng'ombe wanne waliokonda.

Alikuwa Kipkemoi.

Wazee wawili walisalimiana kwa mikono miwili. Waliulizana watoto, kanisa, majirani. Kila mmoja alikuwa anawaibia jicho ng'ombe wa mwenzake.

"Unawatembeza?" Kipkemoi aliuliza.

"Wananyoosha miguu tu. Na hao?"

"Nao wananyoosha."

"Kutoka Sigor?"

"Wana miguu mirefu."

Hakuna aliyecheka. Chepkurui alijua kwamba msichana haingilii salamu za wazee, akaingilia.

"Mzee Kipkemoi, nisamehe. Hawa ni wako. Wawili wamekufa. Kwetu hakuna nyasi. Mwezi wa tisa nilijua mvua haiji, nikakuonea huruma, sikukuambia."

Kipkemoi alipapasa mbavu za ng'ombe aliyekuwa karibu. "Ningewauza wakiwa wanono," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Chepkurui zaidi. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Hata mimi nimedanganya. Kisimani tunachota matope. Nilikuwa nawaleta hawa kwako."

Mzee Chepyegon alijifunika uso kwa kofia yake.

Pale Merigi kulikuwa na mnunuzi mwenye lori, Ombati. "Wazee, hawa mnawauza au mnawazika?" aliuliza. Hata hivyo alichukua sita, kwa bei ambayo Kipkemoi aliipokea bila kubishana. Wa saba, mtamba mwenye mimba, alilala kando ya barabara akakataa kuinuka.

"Huyo atanifia njiani," Ombati alisema, akafunga mlango wa lori.

Lori lilipoondoka, Kipkemoi alimuuliza Chepkurui, "Itanyesha lini? Usinihurumie tena."

"Bahari ya Hindi inarudi kawaida, lakini Pasifiki bado ni baridi. Mwezi wa tatu sioni mvua. Wa nne sijui."

"Si umwambie wa nne, mama," baba yake alinong'ona.

"Sijui, Baba."

Chini kulikuwa na Sigor, juu Mogogosiek, na kote hakukuwa na nyasi. Chepkurui alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya kifua cha mtamba. Wazee wakaja, mmoja huku, mmoja kule. Mara ya tatu mtamba alisimama, akitetemeka.

"Tunamrudisha wapi?" Kipkemoi aliuliza.

"Kwetu ni karibu zaidi. Kuna migomba kumi na moja, nitamkatia," Chepkurui alisema.

"Na migomba ikiisha?"

Chepkurui aliikaza kamba ya mtamba, akaanza kupanda. Wazee wakafuata nyuma wakimsukuma mtamba kwa viganja. Kila alipopiga hatua tano alisimama, nao wakasimama, wakingoja aipate ya sita.