Chupa ya Nne

Nilipofungua friji nilikuta chupa mbili mahali nilipoacha tatu. Iliyokosekana ilikuwa ya nne, ile nyekundu.

Chupa zote nne zilikuwa za chuo. Ziliingia nyumbani kwangu Kihonda kwa kosa langu mwenyewe, na sina wa kumsingizia, ingawa siku ile nilijaribu sana. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Maabara yetu ilishinda bila umeme kutwa, wakati huku Kihonda, kwa kuwa tulikuwa laini moja na viwanda, friji ilinguruma kama kawaida. Dokta Castory, mhadhiri niliyekuwa fundi maabara wake, alihofia kazi ya miezi minane isiharibike kwa joto. Nikamwambia nitaondoka nazo mimi. Nilijitolea, hakuniomba mtu.

Ndani ya chupa mlikuwa na maji yenye chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba hadubini yetu haikuziona. Tulizipika juu ya jiko la mafuta ya taa, kwa madini ya kadimiamu na vikorokoro vingine alivyovileta Dokta kutoka Ulaya ndani ya sanduku la nguo. Mchana huoni cha maana, ni maji ya rangi tu. Lakini ukizimulika gizani kwa taa ya zambarau, ile wanayotumia wanunuzi wa rubi za Matombo kupimia mawe, zinawaka zenyewe. Ukichemsha kidogo, chembe zinabaki ndogo na kuwaka kijani. Ukizidi kuchemsha zinakua, zinawaka njano, halafu machungwa, halafu nyekundu. Kitu ni kilekile, kinachobadili rangi ni ukubwa tu. Siku ya kwanza kuziona nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi wa jiko.

Uzuri wote huo ni sumu. Dokta alishasema kwamba kadimiamu ikiingia mwilini haitoki leo wala kesho, inajichimbia kwenye figo na kukaa. Kwa mtoto mdogo, alisema, tusiombe. Mimi nyumbani nilisema ni dawa za chuo, zisiguswe. Neno sumu sikulitaja, maana mama mkwe wangu, Bibi Veronika, angezitupa nje pamoja na mimi.

Asubuhi ya siku hiyo niliichukua chupa ya kwanza, ya kijani, nikaenda nayo maabara na kushinda nikiigawa kwenye vichupa kwa mrija. Kipira cha kuvutia kilipasuka mwaka wa jana, na tulipoomba kingine tulijibiwa kwamba siku hizi kila idara ijitegemee. Basi nikavuta kwa mdomo, kama tulivyofundishwa wote. Unavuta taratibu, maji yakikaribia unaziba kwa kidole. Mimi kwa hilo ni stadi, hata wanafunzi walikuja kunitazama. Saa tisa nikarudi. Pendo, binti yangu wa miaka mitano, alinikimbilia mlangoni, nikambusu shavuni, nikapitiliza kwenye friji kuirudisha chupa.

"Pendo," nikaita, "nani kachukua chupa humu?"

Alicheka tu, na ulimi wake ulikuwa mwekundu mpaka kooni.

Bibi Veronika alikuja mbio kutoka uani, mikono imejaa majani ya mchicha. Nilimuuliza amempa mtoto nini. Akasema ubuyu, ameupika mwenyewe na kuutia rangi. Niliposikia rangi, masikio yaliziba. Alianza kusema habari za chupa yangu, nikamkatiza. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mama wa mumewe, kuhusu ushamba wake na ubishi aliokuja nao kutoka milimani, mimi niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa kupiga goti. Majani yakamdondoka. Nilichokuwa nakiona ni figo mbili ndogo, kila moja kama punje ya haragwe, zikinywa kile nilichokipika kwa mikono yangu.

Hospitali wangeniuliza amekunywa nini na kiasi gani, na mimi ningebaki kulia. Taa ndiyo ingejua. Nilikuwa nayo kwenye pochi, kwa ajili ya kuzikagua chupa asubuhi na jioni. Nikamkokota Pendo mpaka stoo, ambako hakuna dirisha, nikafunga mlango na kuziba uwazi wa chini kwa gunia. Bibi alijipenyeza ndani kabla sijafunga.

"Toa ulimi," nikasema.

Mtoto alikuwa analia sasa, ananiogopa mimi kuliko giza. Akautoa. Nikawasha taa kwa pupa, nikamulika kwanza magunia ya mchele wa Dakawa, halafu gauni lake, ambalo liling'aa buluu kwa sabuni ya unga. Kisha nikaupata ulimi.

Ulikuwa mweusi. Nikasogeza taa karibu, nikampanua mdomo, nikaangalia meno, fizi, chini ya ulimi. Giza tupu. Ile nyekundu ya chupa ya nne naijua, ingewaka kama kaa la moto. Huu ulikuwa ubuyu wa kawaida, wenye rangi ya dukani.

Niliketi chini nikacheka kama mwehu. Bibi Veronika alitoa kitu chini ya khanga yake, kimefungwa kwenye mfuko wa rambo na kukazwa mafundo matatu.

"Hii ndiyo niliyotaka kukwambia," alisema. "Ilikuwa inanuka yai viza karibu na nyama. Nikaifunga, nikaiweka juu ya kabati, mtoto asiifikie. Sasa hivi nimeipitia nikuoneshe."

Nikaimulika. Chupa ya nne, nzima, kizibo mahali pake, inawaka nyekundu ndani ya plastiki. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilishafungua mdomo. Lakini Pendo alikuwa amenyamaza kulia, anageukia ile nyekundu aitazame vizuri, na taa ikampata upande wa uso.

Shavu lake liliwaka kijani.

Halikuwa doa. Ilikuwa mistari miwili ya midomo, imepigwa chapa vizuri, hata mikunjo yake ilionekana. Rangi ya chupa ya kwanza. Bibi Veronika aliitazama ile alama, kisha akaninyang'anya taa taratibu na kuigeuza usoni kwangu. Sikuhitaji kioo. Niliona kwenye macho yake jinsi nilivyokuwa nawaka.

"Mama Pendo," akasema kwa sauti ndogo, "umekula nini wewe?"

Miezi minane nilikuwa nimevuta kwa mdomo. Miezi minane nilikuwa narudi saa tisa, nambusu, namwonjea uji kwa kijiko chake kisha namlisha. Hofu niliyokuwa nayo kwenye friji ilikuwa ya kitoto ukilinganisha na hii.

Pendo alininyooshea mikono nimbebe. Nikaziba mdomo kwa kiganja na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga magunia.

"Mama," nikamwambia mama mkwe wangu, "mwoshe uso kwa sabuni, mara tatu. Mimi sitamgusa."